Kumuuguza Mzazi Nyumbani Bila Kumfokea: Mwongozo kwa Mkristo Aliyechoka

Ilikuwa saa kumi usiku, mvua ya Aprili inapiga mabati, na shuka la tatu lilikuwa limelowa. Mama yangu alikuwa amepooza upande wa kulia tangu Novemba. Maneno yalikuwa yamembakia mawili matatu, na kamba ya kuanikia ilijaa nguo ambazo hazijakauka kwa siku mbili. Nilimgeuza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikamwambia, "Mama, unataka kuniua?" Akanitazama tu.

Mimi ni mtu wa kanisa tangu utotoni. Baba alikuwa askari polisi, tulikulia kambini, na ndiyo maana Kiswahili kimebaki lugha ya nyumbani kwetu hapa Busia. Nilikuwa nimekariri 1 Wakorintho 13 tangu shule ya Jumapili: "Upendo huvumilia, hufadhili." Asubuhi ile nilikaa kando ya sigiri nikajiuliza uvumilivu huo ulikuwa wapi saa kumi.

Nilimuuguza mama miaka sita, mpaka Mungu alipomchukua. Nilichojifunza ni hiki: ukingoja hasira ifike kooni ndipo uombe uvumilivu, Mungu atakusikia, lakini mikono yako itakuwa imeshatangulia. Uvumilivu huandaliwa mapema, kama kuni zinavyopasuliwa kabla ya mvua. Hatua zilizo hapa chini ndizo zilizoniandaa. Sikuzipata kwa mpangilio huu, na baadhi nilizijua baada ya kukosea. Nakuandikia wewe unayeuguza nyumbani, na wewe unayelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha hospitali, maana kwetu Uganda ndugu ndiye apikaye, afuaye na amwogeshaye mgonjwa hata wodini.

Hatua ya kwanza: Mwambie Mungu ukweli kuhusu hasira yako

Wengi tumelelewa tukiamini kwamba Mkristo halalamiki. Fungua Zaburi ya 13 uone inavyoanza: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Maneno hayo yamo ndani ya Biblia, na kanisa limeyaomba kwa karne nyingi. Nawe unaruhusiwa kuyasema.

Tafuta dakika kumi mgonjwa akiwa amelala. Chukua daftari la shule, uandike mambo matatu: jana nilikasirika saa ngapi, nilikasirikia nini, na chini ya hasira hiyo kulikuwa na nini. Fanya hivyo kwa wiki moja. Mimi niliona mambo manne yakijirudia. Usingizi ulikuwa wa kwanza. Hofu ya pesa ilikuwa ya pili. Huzuni ilikuwa ya tatu, kwa sababu mwanamke aliyekuwa akibishana na wanunuzi wa samaki sokoni sasa hawezi kuomba maji.

La nne ndilo watu hulificha. Kilikuwa kinyongo. Kaka yangu alisomeshwa mpaka Makerere, mimi niliachishwa nilipomaliza darasa la saba ili nisaidie sokoni. Kila nilipomlisha mama uji, ile karo ilikuwa imekaa katikati yetu. Nilikuwa nikimsukumia kijiko haraka haraka, nikidhani nimechelewa kazi nyingine, kumbe nilikuwa ninamdai. Siku nilipoliandika jambo hilo na kumsomea Mungu kwa sauti nyuma ya nyumba, nililia sana. Jioni ile kijiko kilikwenda polepole. Kinyongo kilirudi wiki iliyofuata, nikakisoma tena. Kusamehe kulinichukua miezi, na sioni aibu kusema hivyo.

Neno moja kwa wale ambao mzazi wao aliwatenda vibaya kweli, kwa kipigo kikali au kwa jambo la aibu zaidi. Kumheshimu baba na mama hakukulazimishi umwogeshe kwa mikono yako mwenyewe. Unaweza kuhakikisha kwamba anakula, ana dawa na ana mtu wa kumtunza, wewe ukibaki mbali kidogo. Hilo nalo ni tendo la imani, na huenda likawa gumu kuliko kuogesha.

Hatua ya pili: Ujue ugonjwa, usimlaumu mtu

Kabla ya kusema mgonjwa ni mkaidi, uliza kwenye kituo cha afya ugonjwa huo unamfanyia nini. Mimi nilichelewa kuuliza. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mwili hupooza upande wa kulia, na mara nyingi maneno hupotea ingawa mtu bado anaelewa mengi. Wengine hulia au kucheka bila sababu. Wengine hutukana matusi ambayo hawajawahi kuyatamka maishani, hata mzee wa kanisa. Ni kwa sababu maneno yaliyozoeleka sana, kama matusi, salamu, nyimbo na sala, huweza kubaki wakati maneno ya kutunga yamekwenda. Mama alishindwa kusema "maji", lakini nikimwanzishia Baba Yetu aliweza kuisema hadi amina. Kabla sijaelewa hilo nilidhani ananifanyia makusudi: mbona sala anaiweza?

Mgonjwa wa kusahau naye ana saa zake. Wengi huchafuka moyo jua linapotua, wakitaka "kwenda nyumbani" hali wamo nyumbani. Ukibishana naye, mtagombana mpaka usiku. Washa taa mapema, punguza kelele za redio, mjibu swali la kumi kwa sauti ile ile uliyojibia la kwanza. Mithali 15:1 inasema, "Jawabu la upole hugeuza hasira," na kwa mgonjwa wa namna hiyo ni kweli kabisa, kwa kuwa atasahau maneno yako lakini sauti itambakia moyoni.

Tafuta pia maumivu. Anayepiga kelele kila akigeuzwa huenda bega la upande uliopooza linamuuma. Usimvute kamwe kwa mkono huo. Kama ni saratani, usikubali kuambiwa kwamba maumivu ni msalaba wake auchukue. Uganda tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi, lenye makao Makindye, Kampala, na matawi Mbarara na Hoima, na kazi yao imeifanya morfini ya maji ya kunywa, dawa ya maumivu makali, ijulikane katika hospitali nyingi. Mgonjwa hailipii. Tangu 2004 sheria imeruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kuiandika, si madaktari peke yao. Uliza hospitali ya wilaya yenu nani anayehusika na tiba hiyo. Nimemwona jirani aliyeitwa mkorofi akawa mtu wa kusimulia hadithi baada ya siku tatu za dawa.

Na ukisikia minong'ono kwamba amerogwa au kwamba ukoo una laana, soma Yohana 9:3, pale Yesu anapoulizwa nani alitenda dhambi: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Halafu mpeleke mgonjwa akapimwe presha, maana presha ya juu ndiyo inayoongoza kwa kuleta kiharusi.

Hatua ya tatu: Funga sala kwenye kazi za mikono

Anayeuguza hana saa nzima ya faragha na Mungu. Nilijaribu kuamka saa tisa usiku kuomba, nikawa mtu wa kusinzia nikiwa na sufuria mkononi. Kilichonisaidia ni kuchukua kazi ambazo lazima nizifanye na kila moja kuipa neno lake. Baada ya majuma machache, mikono yenyewe ilinikumbusha.

Nikiwasha sigiri alfajiri nilisema Maombolezo 3:22 na 23, kwamba rehema za Bwana hazikomi, "ni mpya kila siku asubuhi." Nilisema nikipuliza makaa. Hiyo ilikuwa ibada yangu ya asubuhi yote.

Kuogesha ndiko kulikonibadilisha, na hapa nitakaa kidogo. Mama alikuwa akinipiga kwa mkono wa kushoto kila nikileta beseni. Siku moja mchungaji alisoma Yohana 13, na kwa mara ya kwanza sikumtazama Yesu mwenye kitambaa, nilimtazama Petro. "Wewe hutanitawadha miguu kamwe," anasema. Petro anaona aibu. Hataki kuoshwa na mtu ambaye, kwa heshima, yeye ndiye alipaswa kumwosha. Nikamwona mama. Alikuwa mwanamke mwenye haya, hata gomesi yake haikukaa vibaya siku moja, na sasa mtoto wake anamvua nguo mchana kweupe. Zile ngumi zilikuwa za aibu.

Basi tulibadili namna. Funga mlango na pazia, watoto watoke. Pima maji kwa kiwiko. Mfunike leso mwili mzima, ufunue sehemu moja tu, uioshe, uikaushe, uifunike tena. Anza na uso na umwachie kitambaa mkono ulio mzima, ajifute mwenyewe anachoweza. Mwambie kabla ya kugusa: "Mama, sasa naosha mgongo." Sehemu za siri ziwe za mwisho, kwa maji mapya, bila maneno mengi. Kausha vizuri chini ya matiti na kwenye mapaja, unyevu ukibaki ngozi huchubuka. Ngumi ziliisha kabla mwezi haujakwisha. Neno langu kwenye beseni likawa, "Bwana, mfichie aibu yake."

Jambo hili linagusa mila pia. Kwa makabila mengi hapa kwetu, mkwe hamwogeshi mkwewe. Baganda huliita buko, na sisi wa mashariki tunalo. Sishauri mtu aidharau mila hiyo mbele ya mgonjwa, kwa sababu atakayeumia ni yeye. Tafuta mtoto wa damu, mjukuu au mtu wa kulipwa kwa kazi hiyo, wewe mkwe ubaki na chakula, dawa na mazungumzo.

Kumgeuza: kila baada ya saa mbili kwa asiyeweza kujigeuza, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulala. Nilisema Baba Yetu moja polepole nikikagua visigino, nyonga, na mfupa wa juu ya makalio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa. Pakiwa na joto, pamekuwa pagumu au pameiva rangi kuliko kando yake, usimlaze upande huo mpaka pawe sawa, na umweleze muuguzi.

Kulisha: aketi wima, mto mgongoni, uji uwe mzito kiasi, kijiko kidogo kiende upande wa mdomo usiopooza. Ngoja ameze. Akikohoa kila anapomeza, simamisha na umpeleke akaangaliwe, kwa maana chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Hapa sikuwa na mstari. Kijiko kimoja, pumzi moja, basi.

Nimefikiri sana kuhusu lile neno "hufadhili". Siku hizi ukisema mfadhili watu huwaza shirika lenye gari jeupe au mtu anayelipia mayatima karo. Lakini Paulo hasemi upendo una pesa. Fadhili ni kumtendea mtu mema ambayo hawezi kukulipa, na hakuna asiyeweza kulipa kama mtu anayelishwa kijiko cha uji.

Hatua ya nne: Lala, kisha ule

Katika 1 Wafalme 19 Eliya analala chini ya mti akiomba afe. Malaika hamhubirii. Anamwachia alale, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamwambia, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mgonjwa akilala mchana, lala. Vyombo vingoje. Na ule chakula chako kikiwa moto, ukiwa umeketi, usile makombo ya mgonjwa ukiwa umesimama jikoni.

Hatua ya tano: Tafuta Haruni wako na Huri wako

Musa alishindwa kuinua mikono peke yake. Haruni na Huri waliishikilia, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likachwa. Yumkini unasema ndugu zako wanajua hali na hawaji. Mimi nilisema hivyo miaka miwili. Kwenye kundi la WhatsApp la familia nilikuwa nikiandika "Mama hajambo, tuombeane," halafu nachukia kwamba hakuna anayekuja. Kwa nini waje? Nimewaambia hajambo.

Omba kwa siku, saa na kazi. Ujumbe uliomleta kaka yangu ulikuwa huu: "Kaka, nimechoka na jana nilimfokea Mama. Nakuomba uje ulale naye kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi. Maelekezo ya dawa nitakuandikia. Kama kazi hairuhusu, tuma nauli ya shangazi aje badala yako." Alikuja. Usiku wa kwanza aliamka mara tano, na asubuhi alinipikia chai bila kuambiwa. Hatukuzungumzia karo siku hiyo, lakini tuliizungumza baadaye.

Kanisani vivyo hivyo. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, Waanglikana wana Umoja wa Akina Mama, Wapentekoste wana seli. Wakikuuliza wakusaidie nini usijibu "maombi tu". Mmoja achote jerikani mbili za maji kila Alhamisi. Mwingine afue mashuka. Kijana wa kwaya akae na mgonjwa saa mbili uende sokoni au usukwe nywele. Watu hupenda kupewa kazi yenye mwisho.

Uliza pia ofisi za serikali. Mama alipotimiza miaka 80 aliandikishwa kwenye mpango wa SAGE wa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini zilikuwa sabuni na sukari. Kitambulisho cha taifa kiwe tayari, na majina yafanane na ya kwenye karatasi zake nyingine. Hapo ndipo wengi hukwama.

Majirani Waganda wakipita hukusalimu, "Webale kujjanjaba," yaani asante kwa kuuguza. Zamani niliitikia nikiwa nafikiria jambo lingine. Siku moja niliipokea kama baraka, na tangu hapo nawaambia wengine wanaouguza, hata wale nisiowajua, kwenye foleni ya dawa.

Hatua ya sita: Ukishakosea, tubu kwa mgonjwa mwenyewe

Utakosea. Balokole, wale wa uamsho ulioenea Rwanda na Uganda miaka ya 1930, walituachia desturi ya kutembea nuruni: ukimkosea mtu, unamwendea na kumwambia kosa lako kwa jina lake. Kwa anayeuguza, desturi hiyo ni dawa.

Ukihisi mkono unataka kufanya jambo, hakikisha mgonjwa hawezi kuanguka, kisha toka nje. Nawa uso. Hesabu nguo zilizoko kwenye kamba. Rudi. Na kama neno limeshatoka, keti kwenye kimo cha macho yake useme: "Mama, nisamehe. Nilikufokea usiku. Wewe hukukosa kitu." Usieleze ulivyochoka, maelezo humgeuza mgonjwa awe ndiye wa kukuhurumia. Waefeso 4:26 inatuhimiza jua lisichwe uchungu ukiwa bado, na mgonjwa asiyeweza kusema huweza kubaki na uchungu siku nyingi bila wewe kujua.

Nilipomwomba mama msamaha asubuhi ile aligeuza macho akatazama mlango. Hakunishika mkono, hakutabasamu. Sijui alinielewa au la. Ilinibidi nichukue beseni niendelee, nikiamini kwamba Mungu alisikia.

Kama umempiga mgonjwa, au umemfungia ndani, au umemnyima chakula kwa hasira, sala ya peke yako haitoshi. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, mchungaji, padri, ndugu au mhudumu wa afya wa kijiji, na mtu mwingine ashike zamu leo. Mungu hakukatai. Lakini mgonjwa lazima awe salama kwanza.

Hatua ya saba: Waombeaji na dawa

Wageni wa maombi wakaribishwe, wapangiwe muda mfupi, waombe kwa sauti ambayo mgonjwa anaistahimili. Akitokea anayesema uache vidonge vya presha ili kuonyesha imani, mshukuru kwa kuja na umwendeleze mgonjwa na vidonge. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi na Mungu akamjibu, kisha Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala na dawa zilikuwa chumba kimoja. Na anayekuambia mgonjwa haponi kwa kuwa imani yako ni haba, usikae naye mpaka usiku. Unahitaji nguvu zako.

Kwa usiku wa leo

Jua likikaribia kutua, kabla hujaketi, andaa kile ambacho saa kumi usiku itakitaka. Karatasi ya nailoni chini ya shuka. Leso mbili kavu na shuka moja vikiwa vimekunjwa kwenye kiti, pale unapoweza kuvifikia gizani. Maji moto kwenye chupa ya chai, beseni chini ya kitanda, sabuni juu yake. Tochi au simu yenye chaji. Vidonge vya asubuhi kwenye kifuniko, vimehesabiwa. Chapati moja au viazi viwili vya kwako, vimefunikwa. Andika mstari mmoja kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uibandike ukutani juu ya kitanda, usawa wa macho yako unapoinama kumgeuza. Wangu ulikuwa Zaburi 71:9, na nilipousoma niliusoma kwa sauti ya mama, kama kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiniambia: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache."